Mstari Mwekundu: Kufundisha Nanoteknolojia katika Shahada ya Kwanza

Nanoteknolojia ni elimu na ufundi wa kuunda, kupima na kutumia vitu ambavyo walau upande wake mmoja una urefu wa kati ya nanomita 1 na 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi, seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000, kirusi cha UKIMWI kina kama 120, na uzi wa DNA una upana wa nanomita 2 tu. Ukucha wa kidole cha mkono hurefuka kwa takriban nanomita moja kila sekunde. Jina la taaluma hii lilitumiwa kwanza na Norio Taniguchi wa Japani mwaka 1974, na "nano" lenyewe limetoka katika neno la Kigiriki lenye maana ya kibete.

Somo hili halina nyumba yake katika chuo kikuu, na hapo ndipo tatizo la kulifundisha linapoanzia. Vyuo vimegawanywa kwa idara: fizikia jengo hili, kemia lile, uhandisi ng'ambo ya barabara. Kitu chenye ukubwa wa nanomita 20 hakitambui mipaka hiyo. Mwanakemia hukiita kolaidi, mwanafizikia huona elektroni zilizobanwa mahali padogo, mwanabiolojia hukuta kitu chenye ukubwa wa protini zake, na mhandisi huuliza kinatengenezwaje kwa wingi na kwa bei gani. Kila mmoja amefundishwa kipande. Mwanafunzi anaweza kuhitimu kwa alama nzuri katika idara yoyote kati ya hizo bila hata siku moja kukiona kitu hicho kizima.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki uko zahanati. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo apewe dawa, na kipimo kilichoenea hadi vijijini ni kile cha haraka, mRDT. Mhudumu humchoma mgonjwa kidole, huchukua damu kidogo, mikrolita 5 hivi, huiweka katika kitundu cha kasha dogo la plastiki, hudondosha matone machache ya maji maalumu yaliyokuja na kipimo, kisha husubiri dakika 15 au 20. Ukitokea mstari mmoja penye herufi C, kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Ikitokea mistari miwili, C na T, vimelea vipo. Wekundu wa mistari hiyo si wa damu, wala si wa rangi ya dukani. Ni dhahabu.

Kasha likifunguliwa, ndani mna utepe mwembamba wa utando wa nitroselulosi wenye vitundu vidogo. Karibu na mwanzo wa utepe zimekaushiwa nanochembe za dhahabu zenye kipenyo cha makumi machache ya nanomita, zikiwa zimevikwa kingamwili. Kimiminiko kikipita huziamsha na kuzibeba. Vipimo vingi vya malaria ya falsiparamu vinatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea huimwaga katika damu ya mgonjwa. Protini hiyo ikiwapo, kingamwili iliyo juu ya dhahabu huishika, na zikifika penye T, kingamwili nyingine iliyobandikwa kwenye utando huishika kwa upande wa pili. Hapo chembe za dhahabu hukwama, hurundikana kwa mamilioni, na jicho huona mstari. Zile zisizokwama husonga mbele hadi C, ambako hukamatwa hata kama hazikubeba chochote. Kipimo cha mimba kinachouzwa duka la dawa mara nyingi hufanya kazi kwa njia iyo hiyo.

Hakuna kifaa kinachofaa zaidi kuanzia kozi ya nanoteknolojia kuliko hicho. Ni rahisi kupatikana, kila mwanafunzi amewahi kukiona, wengi wamewahi kupimwa nacho, na karibu hakuna anayejua kwamba amekaa mbele ya nanoteknolojia. Kina uzuri mwingine kwa mwalimu: hakielezeki kwa taaluma moja. Kwa nini dhahabu iwe nyekundu badala ya manjano ni swali la fizikia. Namna ya kuzitengeneza chembe hizo na kuzizuia zisigandane ni kemia. Kingamwili na HRP2 ni biolojia. Mwendo wa kimiminiko katika utando, unaofanyika bila pampu wala betri, unamhusu mhandisi wa kemikali au wa mitambo, na yeye ndiye atakayeulizwa kiwanda kitatoaje mamilioni ya tepe zinazofanana.

Vitabu vingi vya nanoteknolojia huanza kwa historia. Richard Feynman alitoa mhadhara wake maarufu katika chuo cha Caltech tarehe 29 Desemba 1959, akieleza kwamba hakuna sheria ya fizikia inayozuia kupanga vitu atomu kwa atomu. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM mjini Zürich, walitengeneza hadubini inayopapasa uso wa kitu kwa ncha ya sindano badala ya kuutazama kwa mwanga, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1985 iligunduliwa molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, mwaka 1991 Sumio Iijima akaeleza mirija ya kaboni, na mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, Manchester, wakabandua tabaka moja la atomu za kaboni kutoka kwenye grafiti kwa kutumia utepe wa gundi wa kawaida. Habari hizi ni nzuri na mwanafunzi azijue, lakini zikitangulia humfanya aamini kwamba somo ni orodha ya mashujaa wa mbali. Historia ina maana zaidi ikija katikati ya kozi, baada ya mwanafunzi kukutana na maswali ambayo watu hao walikuwa wakiyajibu.

Vyuo vikuu vilipoanza kulichukua somo hili kwa uzito, vilifuata njia mbili. Njia ya kwanza ni kuunda shahada kamili. Chuo Kikuu cha Flinders nchini Australia kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo, mwaka 2000, na Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada kilianzisha shahada ya uhandisi wa nanoteknolojia mwaka 2005. Njia ya pili ni kulipenyeza somo katika shahada zilizopo. Marekani ilizitumia zote mbili. Rais Bill Clinton alitangaza mpango wa taifa wa nanoteknolojia Januari 2000, na baada ya hapo Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo ukaanza kutoa fedha mahususi kwa elimu ya nanoteknolojia ya shahada ya kwanza. Fedha hizo hazikulenga kujenga idara mpya. Zililipia kozi za pamoja, mazoezi mapya ya maabara na moduli za wiki chache ambazo mwalimu wa kozi ya zamani angeweza kuzichomeka katikati ya ratiba yake.

Kwa vyuo vingi njia ya pili ndiyo inayofaa. Shahada kamili inahitaji maabara ambayo vyuo vichache vinaimudu, na mhitimu wake hutoka akijua kidogo cha kila kitu huku akishindana kazini na mhandisi wa kemikali au mwanafizikia aliyezama katika jambo moja. Moduli zilizotawanyika nazo zina kasoro yake. Mwanafunzi huonja nanoteknolojia wiki mbili katika kemia, wiki mbili katika elektroniki, na mwisho anabaki na vipande vile vile alivyokuwa navyo mwanzo. Kinachofanya kazi vizuri ni kozi moja ya muhula mmoja, mwaka wa pili au wa tatu, inayochukuliwa kwa pamoja na wanafunzi wa idara zote za sayansi na uhandisi, ikifundishwa na walimu wawili au watatu wanaoingia darasani pamoja. Wawepo darasani kwa wakati mmoja. Wakipokezana vijiti, kila mmoja na wiki zake, kozi inageuka kuwa mihadhara ya wageni, na maswali magumu yaliyo mpakani mwa taaluma hukosa mtu wa kuyajibu.

Kuhusu nini kifundishwe, walimu wa Marekani walifanya kazi ya kuheshimika. Mwaka 2009 Shawn Stevens, LeeAnn Sutherland na Joseph Krajcik walichapisha kitabu kinachotaja mawazo makuu tisa ya nanosayansi, kwa ajili ya walimu wa sekondari: ukubwa, muundo wa maada, nguvu kati ya vitu, athari za kikwanta, sifa zinazobadilika kwa ukubwa, vitu kujipanga vyenyewe, vifaa vya kupimia, mifano ya kinadharia, na uhusiano wa sayansi na jamii. Orodha hiyo inafaa hata chuo kikuu, ila mawazo hayo hayana uzito sawa. Mawili, ukubwa na sifa zinazobadilika kwa ukubwa, ndiyo mzizi. Mwanafunzi aliyeyashika hayo atayafikia mengine saba kwa msaada kidogo. Asiyeyashika atakariri.

Ukubwa unaonekana jambo jepesi, kwa sababu kila mwanafunzi wa sayansi anajua kuandika kumi kwa kipeo cha hasi tisa. Lakini ukimpa seli, kirusi, molekuli ya maji na atomu azipange, mara nyingi utamkuta ameviweka vyote katika kapu moja la "vitu visivyoonekana", kana kwamba kati ya seli na atomu hakuna umbali. Seli nyekundu ya damu na atomu ya dhahabu zinatofautiana kwa upana kama mara 24,000, tofauti iliyo kubwa kuliko ya mtu na Mlima Meru wote kwa kimo. Dawa yake ni kupima kwa mkono. CD ya muziki ina mifereji iliyoachana kwa nanomita 1,600, na ya DVD imeachana kwa 740. Leza nyekundu ya bei ndogo, ya nanomita 650, ikielekezwa wima kwenye CD kutoka ubao ulio mita moja, doa la kwanza la pembeni huangukia sentimita 44 hivi kutoka katikati. CD ikiondolewa na DVD kuwekwa mahali pake, doa hukimbia hadi sentimita 184. Mwanafunzi anashika futi kamba, anapima, anapiga hesabu ya saini ya pembe, na kabla kipindi hakijaisha amepima nanomita kwa kifaa cha fundi cherehani. Tahadhari ni moja: leza isielekezwe machoni, na mwanga unaorudi kutoka kwenye CD una nguvu ya kudhuru pia.

Baada ya ukubwa huja uso. Mchemraba wa chuma wa sentimita moja una eneo la uso la sentimita 6 za mraba. Ukikatwa kuwa michemraba ya milimita moja, eneo lote hufika sentimita 60 za mraba. Ukikatwa hadi nanomita moja, chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, lakini eneo limefika mita 6,000 za mraba, karibu na uwanja mzima wa mpira. Hesabu hiyo humshtua mwanafunzi, na ni vizuri ashtuke. Bado lakini haimwonyeshi atomu. Hapo machungwa yanasaidia, au shanga na gundi. Tufe moja likizungukwa na mengine kwa kubanana, yanayoligusa ni 12, hivyo kundi ni la 13, na 12 kati yake yako nje. Tabaka la pili linahitaji 42, kundi linakuwa 55. La tatu ni 92, kundi 147. La nne ni 162, kundi 309. Ukiugawa uso kwa jumla, sehemu ya atomu zilizo nje inashuka kutoka asilimia 92 hadi 76, kisha 63, kisha 52. Atomu ya nje ina majirani wachache, imeshikwa kwa ulegevu, na ina njaa ya kushikana na kitu kingine. Wanafunzi waliojenga kundi la 55 kwa mikono yao hawahitaji tena kuelezwa kwa urefu kwa nini dhahabu, ambayo kwa kawaida huyeyuka kwa nyuzi 1,064, ikiwa chembe ya nanomita 2 au 3 huyeyuka kwa joto la chini zaidi kwa mamia ya nyuzi.

Nguvu zinazotawala nazo hubadilika. Uzito wa kitu hupungua haraka sana kinapopungua ukubwa, kwa sababu unafuata ujazo, na mvutano kati ya nyuso unabaki peke yake uwanjani. Mjusi kafiri hutembea juu ya dari bila gundi wala vikombe vya kunyonya. Nyayo zake zina vinyweleo vingi, ncha zake zikiwa na upana wa nanomita 200 hivi, na mvutano hafifu wa molekuli kwa molekuli, ukijumlishwa, unambeba. Jani la gimbi, ambalo Wakenya wengi hulijua kama la nduma, ni somo la pili. Tone la maji juu yake hukaa kama lulu, huviringika, hubeba vumbi na kudondoka, jani likabaki kavu. Nta iliyo juu ya jani ni ya vipande vidogo vilivyosimama juu ya vivimbe vya seli, tone linakaa juu ya hewa iliyonaswa katikati yao. Mwanafunzi akilisugua jani kwa kidole mara chache, nta huharibika, na tone la pili hutandaa na kulilowesha pale pale aliposugua. Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani walieleza jambo hili kwa yungiyungi na mimea mingine mwaka 1997, na sasa kuna rangi za nyumba zinazoiga jani. Zoezi lote halihitaji umeme.

Zoezi ambalo halistahili kukosa ni la dhahabu. Njia ni ile iliyoelezwa na John Turkevich na wenzake mwaka 1951. Mililita 20 za mmumunyo wa kloridi ya dhahabu, wenye milimoli moja kwa lita, huchemshwa katika chupa safi huku ukikorogwa. Usafi hapa ni sharti, kwani chembe ya uchafu itaharibu kila kitu. Mmumunyo ni wa manjano hafifu, kama chai ya rangi iliyozimuliwa mno. Unapochemka, huongezwa kwa mara moja mililita 2 za sodiamu sitreti ya asilimia 1. Manjano hupotea, maji yakawa meupe. Kwa muda mfupi hakuna kinachoonekana na wanafunzi huanza kutazamana. Kisha rangi ya kijivu hujitokeza, inageuka kuwa zambarau iliyokolea, karibu na wino, na katika dakika chache inafunguka kuwa nyekundu ya divai. Mwanga wa leza ukipitishwa kwenye bilauri hiyo huacha njia inayoonekana, ishara kwamba ndani mna chembe na si mmumunyo tupu.

Sasa kazi inagawanywa. Kemia ya sitreti ni rahisi kuieleza: inatoa elektroni kwa dhahabu, atomu zinaungana, kisha sitreti iliyobaki inazivika chembe chaji hasi ili zisukumane. Rangi inadai fizikia: elektroni za dhahabu hutikisika kwa pamoja zikipigwa na mwanga wa nanomita 520 hivi, wa kijani, zinaula huo, na mwekundu unapita. Michael Faraday alitengeneza kolaidi za namna hii na kuzieleza mwaka 1857, akisadiki kwamba rangi inatokana na udogo wa chembe za dhahabu, ingawa hakuwa na chombo cha kuziona. Kisha mwanafunzi anadondoshea chumvi ya mezani kwenye bilauri moja na sukari kwenye nyingine. Ya sukari haibadiliki. Ya chumvi hugeuka zambarau, kisha bluu, mbele ya macho, kwa kuwa chaji za chumvi zimefunika chaji za chembe, zikaacha kusukumana na kugandana. Bilauri hizo mbili zina somo zaidi ya slaidi arobaini.

Hesabu inayofuata inawafaa wote. Katika mililita 20 mna dhahabu isiyozidi miligramu 4, thamani ndogo hata kwa chuo maskini. Ingekuwa tufe moja, uso wake ungekuwa chini ya milimita 2 za mraba. Chembe zenye kipenyo cha nanomita 13 zina atomu kama 68,000 kila moja, hivyo ndani ya chupa mna chembe kiasi cha trilioni 180, na nyuso zao zikijumlishwa ni kama karatasi moja na nusu ya A4. Mwanabiolojia hapo anaona nafasi ya kubandika kingamwili, na utepe wa malaria unarudi mezani, sasa ukieleweka.

Athari za kikwanta zenyewe zinafaa zije baada ya hapo, si kabla, maana mwanafunzi wa biolojia au wa ujenzi hana hisabati yake. Nukta za kikwanta, nanochembe ambazo rangi yake hutegemea ukubwa, zinaokoa hali. Kadimiamu selenaidi ikiwa ya nanomita 2 hivi hung'aa bluu, ikifika 6 hung'aa nyekundu, dutu ikiwa ile ile. Ugunduzi wa nukta za namna hiyo ndio uliowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Aleksey Yekimov Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Elektroni iliyobanwa katika nafasi finyu hupanda nishati, kama uzi wa gitaa uliofupishwa unavyopanda sauti. Mwanafizikia ataandika mlinganyo na wenzake watausoma mchoro, na pale wanapokutana ndipo kozi inapofundisha.

Vifaa ni kikwazo cha kweli. Hadubini ya elektroni hugharimu mamia ya maelfu ya dola, na huhitaji umeme usioyumba na fundi wa kuitunza. Chuo kisicho nayo kina njia tatu. Kupima rangi ya kolaidi kwa spektrofotometa ya kawaida huonyesha ukubwa wa chembe kwa ukaribu, na idara nyingi za kemia zinayo. Tovuti ya nanoHUB, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 2002, inatoa programu za kuigiza vifaa na vitu vya nano bila malipo kwa yeyote mwenye intaneti. Na kuna vyuo vya Marekani vinavyoruhusu darasa la mbali kuendesha hadubini yao kupitia mtandao, mwanafunzi akisogeza sampuli kutoka kwenye kompyuta yake. Njia hizi hazilingani na kukaa mbele ya mashine. Zinatosha kwa shahada ya kwanza, ikiwa zoezi la mkono halikuachwa.

Mradi wa mwisho wa kozi uwe wa tatizo ambalo wanafunzi wanalijua. Kaskazini mwa Tanzania, kuzunguka Mlima Meru, miamba ya volkano huyatia maji floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya wakazi ni ushahidi wake. Huko Ngurdoto kituo cha utafiti kimeshughulika kwa miaka mingi na mkaa wa mifupa, ambao madini yake ya kalsiamu ni fuwele za ukubwa wa nano zinazonasa floridi. Mhandisi wa kemikali Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, alipata mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na nanomateria zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Kundi la wanafunzi wanne kutoka idara nne linaweza kupewa maji ya kisima na mkaa uliosagwa kwa viwango tofauti, wapime floridi kabla na baada, na waeleze kwa nini mkaa uliosagwa zaidi unafanya kazi haraka, na kwa nini mhandisi hataki usagwe kuwa unga kabisa. Unga huziba chujio.

Makundi hayo yapangwe na mwalimu, kwani wakiachiwa, wanafunzi huketi na watu wa idara yao. Wiki mbili za kwanza huwa ngumu. Mwanafizikia huona wenzake hawajui hisabati, mwanabiolojia huona wenzake wanazungumza juu ya protini kana kwamba ni mawe. Ni vizuri kila mmoja afundishe kundi lake jambo moja la idara yake kwa dakika kumi. Huko makundini lugha hugeuka kuwa Kiswahili hata pale mihadhara inapotolewa kwa Kiingereza, na mwalimu asizuie. Mtu anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini chumvi inaigeuza dhahabu kuwa bluu ameelewa.

Usalama usiachwe kwa wiki ya mwisho. Sifa zile zile zinazoifanya nanochembe iwe na faida, udogo na uso mkubwa, huiwezesha pia kupenya pasipotakiwa. Mwaka 2008 utafiti kwa panya ulionyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni huleta madhara yanayofanana na ya asbesto, na mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliondoa titani dioksaidi, ambayo baadhi ya chembe zake ni za ukubwa wa nano, katika vyakula mwaka 2022. Mwanafunzi ajifunze kanuni moja ya kazi: chembe zilizo ndani ya kimiminiko ni salama zaidi kuliko unga mkavu, basi unga usifunguliwe nje ya kabati la hewa, na mabaki ya dhahabu, fedha na kadimiamu yasimwagwe sinki.

Mtihani wa kozi hii hauwezi kuwa wa kutaja tarehe na vipimo. Swali moja refu linatosha, na lirudi zahanati. Mgonjwa ana homa, utepe umeonyesha C peke yake, lakini hadubini ya maabara ya wilaya imeona vimelea katika damu yake. Mwanafunzi aeleze sababu zinazowezekana na namna ya kuzitofautisha. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, vilivyoonekana kwanza Peru na baadaye katika Pembe ya Afrika, na Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kibadilishwe pale zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanapokosewa kwa sababu hiyo. Kuna uwezekano wa vimelea kuwa vichache mno, au protini kuwa nyingi hata zikajaza kingamwili za dhahabu na za penye T kila moja peke yake, bila kuziunganisha. Kingamwili iliyo penye T inaweza kuharibiwa na joto la stoo. Kama dhahabu ingekuwa imegandana, au kimiminiko kisingepita, mstari wa C usingeonekana sawasawa. Alama za kwanza anazipata mwanafunzi aliyeanza kwa kusoma mstari huo wa C, akaondoa sababu zote unazozikanusha, kabla ya kugusa nyingine.